Nyumba ya Bado

Wasimulizi wenzangu hupenda kuanzia njiani, wakakuchosha na vumbi na kiu hata kabla mwenye hadithi hajafika. Mimi njia naiacha. Mwatime binti Shomari alitoka kwao, akafika nchi ya Kopeni, akarudi, na haya ninayoyasema yametoka kinywani mwake. Chumvi yangu naitia kwenye mchuzi tu. Kwenye habari za maiti siitii.

Alikwenda kumtafuta kaka yake. Kombo alikuwa muuza vioo, mtu wa maneno mengi na mkokoteni mmoja, aliyezoea kupita miji ya watu akiuza vioo vya kabati na vya kunyolea ndevu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na alama: ukucha wa kidole gumba ulipasuka katikati siku kioo kilipomwangukia, ukaota hivyo hivyo vipande viwili. Aliingia Kopeni kabla ya mvua, na mvua zikaja zikaisha bila yeye kurudi. Wachuuzi waliopita huko waliulizwa habari zake, wakatazama chini.

Mama yao, Bi Mize, alikuwa akimwekea chakula kila jioni na kukifunika kawa, na asubuhi akawamwagia kuku. "Nimechoka," alimwambia Mwatime. "Siwezi kumlilia, pengine yu hai. Siwezi kumngoja, pengine amekufa. Nenda wewe. Akiwa hai mlete, akiwa amekufa mzike. Ila usije ukanirudia na jibu la katikati."

Kopeni ni mji safi. Njia zake zimefagiliwa, kuta zimepakwa chokaa, na watu wake wana sauti za chini. Jambo la kwanza alilolitambua Mwatime ni kwamba hawatazamani usoni. Wakizungumza, kila mmoja humtazama mwenzake kifuani, na mwanzo alidhani hawana haya. Baadaye aliona ni mazoea tu, kwa sababu kifuani ndiko wanakotazamia walinzi wao.

Mlinzi wa Kopeni huvaa Jicho. Ni kioo cha duara, kipana kadiri ya kisahani cha chai, kimeshonewa kwenye joho lake palipo na moyo. Kila linachokiona hukihifadhi, na likiisha kuhifadhi, hakuna mwenye uwezo wa kulisahaulisha. Juu ya kioo kuna kope ya ngozi, na kutoka kwenye kope unashuka uzi mpaka kwenye kiganja cha mlinzi. Yule wa langoni alimsogelea Mwatime, Jicho likamtazama kuanzia utosini mpaka kwenye ndara.

"Karibu Kopeni, dada," alisema mlinzi. "Usiwe na hofu, unaonekana."

Alipata chumba kwa mwanamke mmoja mtu mzima aitwaye Bi Rehani. Nyumba yake ilikuwa na kioo ukutani, kimefunikwa kwa kanga, na Mwatime aliona baadaye kwamba vioo vyote vya mji ule vimefunikwa. Wakati wa kula, Bi Rehani alipanga sahani tatu mkekani, nao walikuwa wawili.

"Hii ya nani?" Mwatime aliuliza.

"Ya mume wangu."

"Amesafiri?"

"Bado."

"Basi atakuja kula?"

"Bado," alisema Bi Rehani, akaifunika sahani ile kawa. Mwatime aliitazama kawa, akakumbuka kwao.

Kesho yake walikwenda sokoni pamoja. Mwatime alikuwa akichagua nyanya aliposikia mlio mdogo nyuma yake, tak, wa kitu chepesi kilichoanguka juu ya kioo. Soko zima likanyamaza. Muuza samaki alifumba macho, kisu kikiwa kimeinuliwa. Mnunuzi wake alifumba macho, mkono ukiwa umenyooshwa. Kabla Mwatime hajauliza kuna nini, kiganja cha Bi Rehani kilimziba uso.

Gizani alisikia viatu vikipita taratibu, vya mtu asiye na haraka. Alisikia sauti ya mwanamume ikisema "Jamani," kwa upole, kama anayeomba kupishwa. Hakuna aliyeitika. Kisha pakasikika mlio wa mkeka unaokung'utwa, mara kadhaa, na baada yake mlio wa kitu kinachoburutwa mchangani. Halafu tak ya pili. Macho yakafumbuliwa, kisu cha muuza samaki kikashuka juu ya kichwa cha jodari, na mnunuzi akaendelea kusema bei ni kubwa.

Ndimu zilikuwa zinabingirika chini. Kitambaa cha kuuzia kilikuwapo, mizani ilikuwapo, ila muuza ndimu hakuwapo. Jirani yake aliinama akaziokota, akazipanga mafungu mafungu palepale zilipokuwa.

"Mwenye ndimu yuko wapi?" Mwatime aliuliza.

"Bado," alisema jirani, bila kuinua uso.

Njiani Bi Rehani alimweleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni namna ya kuvua viatu mlangoni. Jicho likifumba, nao hufumba. Ni adabu. Nani atapenda kukodolewa macho naye amefumba yake? Zamani Jicho halikuwa na kope, na walinzi walilalamika, wakasema wanafuatwa nalo mpaka chooni. Watu walicheka, wakaona ni haki yao. Basi Baraza likatoa kope kwa ajili ya chooni. Baadaye ikaruhusiwa wakati wa kula, maana mtu akitafuna hapendezi. Kisha wakati wa huzuni, kisha wakati wa shughuli nzito.

"Shughuli nzito ni ipi?"

"Hatujaiona," alisema Bi Rehani. "Wakati huo huwa tumefumba. Na sheria yetu inasema, lisiloonwa na Jicho, bado halijatokea."

Mwatime alisimama katikati ya njia. Alimwambia jina la kaka yake, na kazi yake, na mkokoteni. Bi Rehani, macho yake yakiwa kwenye kifua cha Mwatime, alimwelekeza kwa kidevu kwenye jengo refu jeupe mwisho wa njia. "Waliobado wote wanashughulikiwa pale," alisema.

Jengo hilo huitwa Nyumba ya Bado. Ukumbi wake wa kungojea ulikuwa baridi na ulinukia ubani hata macho yakawasha. Mabenchi yalipangwa kuzunguka kuta zote, na juu yake waliketi watu wengi, wamejifunika mashuka meupe kuanzia kichwani mpaka chini ya miguu, kila mmoja na bilauri ya maji mbele yake. Mwatime alitoa salamu, hawakuitika. Aliona ni wenye shida wenzake, na kila nchi ina namna yake ya kungoja. Akapata nafasi kati ya wawili, akaketi.

Alingoja asubuhi nzima. Nzi alipotua kwenye shuka la jirani yake wa kulia, alimfukuza kwa upindo wa mtandio. "Na wewe umefuata nini hapa, ndugu yangu?" alimuuliza, na alipokosa jibu aliona vibaya kwa kuuliza. Safari ilikuwa bado imo mwilini mwake. Usingizi ulimpitia, na kichwa kikaangukia bega la jirani yule. Bega lilikuwa gumu na la baridi, lakini jirani hakumsukuma, na Mwatime anasema alilala vizuri kuliko alivyolala siku nyingi.

Aliamshwa na sauti ya kumwita ndani. Mkuu wa Nyumba ya Bado alikuwa Bwana Ngwali, mtu mnene, mpole, mwenye vidole laini. Alimmiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe na kumpa pole ya safari. Mwatime alimweleza yote, naye alisikiliza kwa makini na kutikisa kichwa penye huzuni.

"Nataka kujua jambo moja tu, Bwana Ngwali. Kaka yangu amekufa?"

"Bado."

"Basi yu hai."

"Bado."

"Haiwezekani yote mawili yakawa bado."

"Kwenu labda," alisema Bwana Ngwali. "Bibi, nchi nyingine zina tabia mbaya. Mtu akipotea mikononi mwa mlinzi, wao hukana. Hapana, hatukumshika. Hapana, hatukumpiga. Sisi neno hapana tulilitoa ofisini zamani, tukaona ni neno la kikatili. Hapa hakuna anayekataliwa. Jicho lilifumba alipokuwa hai, lilipofumbua hakuwapo. Katikati hapo hakuna aliyeona. Nikikwambia amekufa nitakuwa mwongo, na nikikwambia yu hai nitakuwa mwongo vilevile. Mimi si mwongo."

Ubaya wake ni kwamba alisema kweli. Mwatime alimchunguza sana usoni akitafuta hila, akaona mtu anayejiona kuwa ni mwema, na hapo ndipo aliposhikwa na woga. Akaomba kuona lilichokiona Jicho. Bwana Ngwali alifurahi. Hiyo ni haki ya kila mtu, alisema, na Kopeni inajivunia haki hiyo. Sharti ni moja tu, mwenye Jicho akubali na awepo, kwa sababu kumbukumbu ni zake.

Mwenye Jicho alikubali. Aliitwa Sefu, kijana mrefu, anayenukia sabuni, mwenye mwanya kwenye meno. Alimvutia Mwatime kiti na kusema, "Pole, dada." Walikaa sambamba katika chumba cha giza mbele ya ukuta mweupe, na kabla picha hazijaanza Sefu alifumba macho. Ndivyo inavyotakiwa, alisema. Mlinzi hatazami kumbukumbu zake mbele ya watu.

Ukutani pakatokea njia, na njiani pakatokea Kombo. Alikuwa anasukuma mkokoteni na kucheka na mtu wa dirishani. Kumwona tu akitembea, Mwatime alijikuta naye anacheka peke yake gizani. Juu ya mkokoteni palikuwa na mzigo mrefu uliofunikwa blanketi. Sauti ya Sefu ilisikika kutoka ukutani, ikimwambia afunue.

"Mkubwa, nikifunua utajiona ulivyo mtanashati," alisema Kombo, akavuta blanketi.

Kilikuwa kioo cha kabati, kizima, cha urefu wa mtu. Jicho lililokuwa linamtazama Kombo sasa lilitazama kioo, na ndani ya kioo alisimama Sefu, joho, mwanya na vyote. Hakuna Jicho la Kopeni lililowahi kumwona mlinzi wake. Uso ule wa kiooni ulishtuka kwanza, kisha ukafanya hasira, kama mtu aliyefumaniwa hana nguo. Mkono mmoja uliinua rungu. Mkono wa pili ulivuta uzi. Kope ikashuka, ukuta ukawa mweusi.

Ulipong'aa tena, mkokoteni ulikuwa umeegemezwa ukutani na kioo kimefunikwa blanketi. Watu walikuwa wanapita zao.

"Ni wewe," alisema Mwatime.

"Sikuona, dada," alisema Sefu, macho yake yangali yamefumba. "Lakini sauti niliisikia."

Mchana ule ule Baraza lilikutana, maana jambo lilikuwa geni na watu wa Kopeni hupenda jambo geni likizungumzwa mapema. Ukumbi wa Baraza uko ndani ya Nyumba ya Bado, na juu ya kiti cha Bwana Ngwali kuna Jicho Kuu, pana kama sinia la harusi. Swali lilikuwa hili: mlinzi aliyeonwa ndani ya kioo, ameonwa?

Mjumbe wa kwanza alisema Jicho liliwekwa litazame mbele, na mlinzi yuko nyuma ya Jicho, kwa hiyo lolote lililo nyuma haliwezi kuwa mbele hata likionekana mbele. Walimpigia makofi. Mjumbe wa pili, mwanamke mwenye miwani, alitaka kujua yule wa kiooni alishika rungu mkono gani.

"Wa kushoto," wakajibu waliotazama.

"Na Askari Sefu hutumia mkono gani?"

Sefu aliinua mkono wake wa kulia. Ukumbi ukapumua. Basi si yeye, alisema yule mwanamke, ni mtu mwingine anayefanana naye, mwenye mashoto. Na hapo hapo likatolewa agizo la kumtafuta mtu huyo nchi nzima. Mjumbe wa tatu alikumbusha kwamba chanzo cha fedheha yote hii ni kioo, akashauri kila kioo nchini kishonewe kope. Hilo lilipita bila mpinzani.

Mwatime aliwasikiliza wote. Anasema hakuna hata mmoja aliyefanya mzaha. Walizungumza kwa utulivu, kwa zamu, wakimwita marehemu "ndugu yetu Kombo".

"Bibi amesikia," alisema Bwana Ngwali mwishowe. "Jibu letu ni bado."

"Mama yangu alinikataza kurudi na jibu hilo."

"Basi usirudi," alisema Bwana Ngwali kwa huruma. "Benchi lina nafasi."

Akaashiria kwa kidole. Nje ukagongwa upatu, na Jicho Kuu likafumba kwa kishindo. Hilo likifumba, Macho yote ya mji hufumba nalo, na watu wote hufumba, mpaka mlinzi aliyekabidhiwa shughuli atakaposema tayari na upatu ugongwe tena. Wajumbe walifumba. Makarani walifumba. Bwana Ngwali alifumba, vidole vyake laini vikiwa vimekunjwa juu ya tumbo. Katika ukumbi mzima walibaki wawili wenye macho wazi, na mmoja wao alikuwa na rungu.

Sefu alikuja bila haraka, kwa viatu vile vile alivyovisikia Mwatime sokoni. Alipomfikia Mwatime alisimama. Ilionekana kuna kitu kinamkera, na hakukijua ni nini mpaka alipokisema.

"Fumba macho, dada."

"Sifumbi."

"Kila mtu hufumba. Tafadhali."

"Kwa nini nifumbe?"

"Siwezi kufanya ukinitazama hivyo." Aliusema ukweli huu kwa mnong'ono, na jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu. "Hata kaka yako alifumba. Nilimwomba, akafumba. Alikuwa mtu wa adabu."

Mwatime alielewa. Kombo, na maneno yake yote, alikuwa ameombwa kwa upole na mtu mwenye rungu, naye akatii, kwa sababu mama yao aliwalea kutii wanapoombwa kwa upole. Uchungu aliousikia hapo, anasema, haukuwa na machozi. Aliyatoa macho yake kwenye Jicho la kifuani lililofumba, akayapandisha juu, akamtazama Sefu usoni, kitu ambacho pengine hakuwahi kufanyiwa tangu avae joho.

"Mimi sina adabu," alisema. "Nitakutazama mpaka mwisho."

Rungu lilibaki hewani. Lilishuka kidogo, likainuka, likashuka.

"Tayari?" aliuliza Bwana Ngwali, macho amefumba.

"Bado," alisema Sefu.

Sijui kama ilikuwa huruma au woga. Mwatime naye hajui, na hakumshukuru. Alimuuliza jambo moja tu: kaka yangu mmemweka wapi? Sefu alielekeza rungu lake mlangoni, kwenye ukumbi wa kungojea.

"Ulimlalia bega," alisema.

Mwatime alitoka mbio. Waliobado walikuwa wameketi vile vile na mashuka yao na bilauri zao. Alimwendea jirani yake wa kulia, akapiga magoti, akainua shuka miguuni. Mguu ulikuwa mkavu, umepakwa chumvi na ubani. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa vipande viwili. Alilia kwa sauti, akamwita jina kama anavyoitwa mtu aliye mbali, na nyumba nzima ilimsikia, na hakuna aliyefumbua.

Mkokoteni aliukuta uani, kioo kingali juu yake. Alikishusha, akakiburuta mpaka mlango wa ukumbi wa Baraza, akakiegemeza hapo na kukivua blanketi, kikiwaelekea wajumbe na Jicho lao Kuu. Hakujua kitafaa nini. Alijua tu Kombo asingekubali kioo kizuri kifunikwe. Kisha akamkumbatia kaka yake, akamlaza mkokotenini. Alikuwa mwepesi, na hilo lilimuumiza kuliko uzito.

"Tayari?" ilisikika kutoka ukumbini.

"Bado," alijibu Sefu.

Mji mzima ulikuwa umesimama. Wanaume walisimama milangoni wamefumba macho, wanawake walisimama mabombani wamefumba macho, na maji yalifurika ndoo bila wa kuyafunga. Sufuria zilikuwa zinaungua ndani ya nyumba. Walinzi walisimama pembeni, kope zote zimeshuka. Magurudumu ya mkokoteni yalilia njia nzima, na kila alipopita, nyuso zilimgeukia zikafuata sauti, kope zikitetemeka, hazifumbuki. Waliomtazama ni watoto wachanga tu, ambao hawajafundishwa adabu.

Bi Rehani alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake.

"Ni wewe, mwanangu?" aliuliza, macho amefumba. "Nasikia umebeba mzigo."

"Nimebeba."

"Mzito?"

"Hapana," alisema Mwatime, na Bi Rehani alishtuka, kwa kuwa neno hilo hakulisikia siku nyingi. "Ni kaka yangu. Amekufa. Nilimkuta kwenye benchi, Bi Rehani. Wamo wengi pale."

Bi Rehani alishika fremu ya mlango. "Mume wangu ana kovu sikioni," alisema. "Hapa, nyuma."

"Sikufunua wengine. Nenda ukamfunue mwenyewe."

Mwanamke yule aliiachia fremu, akafumbua macho. Mwanga ulimuumiza, akajikinga kwa mkono, akautazama mji wake ulivyosimama, majirani zake walivyoinamisha vichwa, walinzi na virungu vyao. Sidhani kama alikuwa amewahi kuuona. Aliingia ndani, akatoka na kanga iliyokuwa imefunika kioo chake, akamfunika nayo Kombo. Halafu akashika njia ya kwenda Nyumba ya Bado, peke yake, akitembea katikati ya barabara, na viatu vyake vilisikika mji mzima.

Nje ya lango Mwatime alichimba. Kwao kuzika ni kazi ya wanaume, lakini hapakuwa na mwanamume aliyefumbua, kwa hiyo alichimba yeye, kwa ubao wa mkokoteni na kwa mikono. Alimlaza Kombo ubavu wa kulia, akamsomea alichokijua, akamfukia. Upatu alikuwa hajausikia, na hadi anaondoka hakuusikia. Huenda mpaka leo Bwana Ngwali anauliza, na Sefu anamjibu. Huenda walifumbua, wakakutana na kioo mlangoni. Yeye hakugeuka kutazama, na mimi sikuwapo.

Bi Mize alimpokea uani. Hakumuuliza habari za njia. Alitazama kucha za bintiye zilizojaa udongo, akaelewa nusu.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Umemzika?"

"Nimemzika kwa mikono yangu."

Basi Bi Mize akalia, kilio alichokuwa amekizuia tangu mvua zilipoisha, na majirani wakaja kulia naye. Matanga yakaanuliwa, watu wakaenda zao. Jioni hiyo aliichukua ile sahani ya Kombo, akaiosha, akaipangusa, akaifunika kifudifudi juu ya rafu. Kawa akaitundika msumarini. Kisha akaketi karibu na Mwatime.

"Na aliyemuua," alisema, "amehukumiwa?"

Mwatime alilitafuta mdomoni jibu lingine, lolote, akalikosa. Aliona aibu kulitamka neno lile ndani ya nyumba ya mama yake.

"Bado," alisema.

Bi Mize aliinamisha kichwa. Aliichukua ile kawa msumarini, akaiweka mapajani mwake, akamgeukia bintiye na kumtazama usoni.

"Basi mimi sifumbi," alisema.